Mwaka Tuliomcheka Papa Gervais

Mazishi ya Papa Gervais yalikuwa mazuri kupita kiasi, na hilo ndilo lililoniudhi. Kanisa lilijaa mpaka mlangoni, kwaya ilivaa sare, na kila aliyeshika kipaza sauti alimpamba marehemu kwa sifa ambazo zingemtosha mtakatifu: mnyenyekevu, mtaratibu, mtu wa maneno machache. Maneno machache! Nilikuwa nimekaa na Tonton Placide, mjomba wetu wa heshima, ambaye sasa ni mzee wa kutembelea fimbo, na kila sifa ilipotajwa nilimsikia akiguna kama mwalimu anayesahihisha insha mbaya. Baadaye, kwenye ukumbi wa parokia, tulipokwisha kupewa sahani zetu za maharage na sombe ya majani ya muhogo, aliniinamia sikioni. "Nabintu," alisema, "bale bantu banazika nani? Ule banasema, mie simujue." Nikacheka, peke yangu katika ukumbi mzima, na maman mmoja akanigeukia kwa jicho kali. Hapo ndipo nilipotambua kilichokosekana tangu asubuhi. Tulikuwa tumemzika Papa Gervais bila mtu hata mmoja kumcheka, yeye ambaye mwaka mmoja, kabla sijawa mtu mzima sawasawa, alinifundisha bila kukusudia kwamba mtu anaweza kuchekwa kwa heshima.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na kidogo, nasomea uuguzi, na nilikaa kwake na kwa mkewe, Maman Régine, kule Auderghem, pembezoni mwa Brussels. Chumba changu kilikuwa kile chembamba kando ya jikoni, ambacho zamani kilikuwa stoo. Kitanda kiliingia kwa urefu na mlango ulifunguka nusu tu. Nilikipenda. Asubuhi harufu ya chai ya tangawizi ilinifikia kabla ya sauti ya mtu, na Jumamosi, Maman Régine aliporudi kutoka maduka ya Chaussée de Wavre na mifuko yake ya sambaza, wale samaki wadogo wakavu, na majani ya muhogo, nilisoma anatomia huku mchi ukipiga kinu upande wa pili wa ukuta. Ukuta ule ulikuwa mwembamba kama karatasi. Yaliyosemwa jikoni yalisemwa chumbani mwangu pia, na kwa kuwa Papa Gervais alipenda kufanyia mambo yake yote jikoni, simu, maombi, ugomvi na mazoezi ya hotuba, baada ya miezi michache nilikuwa naijua sauti yake kuliko yangu. Nilijua anavyovuta pumzi kabla ya neno kubwa. Nilijua anavyosema "bon" mara mbili, ya kwanza ya kufikiri na ya pili ya kuamrisha. Nilijua kwamba kila hotuba ilianza hivi: "Chers frères, chères sœurs, mbele nianze kusema, niseme kwanza." Na alisema kwanza, kweli, mpaka chakula kikapoa.

Alikuwa rais wa chama chetu, chama cha watu wa Kivu wanaoishi Brussels, kile kinachosimamia misiba, harusi na wageni wanaofika bila kujua pa kulala. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa wageni hao. Usiku alioupoteza kituoni akinisubiri nilipofika, hakuwahi kunitajia. Lakini uchaguzi wa chama ulikuwa umeahirishwa mara nyingi kiasi kwamba vijana walidhani urais ni sehemu ya jina lake. Kulikuwa na sababu kila mwaka: vita kule nyumbani, msiba hapa, umoja wetu, hali ya hewa. Watu walilalamika kwenye ngazi, kwenye maegesho, kwenye saluni za Matonge, mtaa wa Waafrika; mbele yake waliinuka na kupiga makofi. Nikitazama nyuma leo, nadhani alijua. Mtu anayezoea kusikilizwa hujua pia wakati watu wanapomsikiliza kwa masikio ya bandia.

Tonton Placide alikuwa amefundisha Kigiriki na Kilatini katika koleji moja ya Bukavu kabla ya kuja huku, na mwaka ule alifanya kazi kwenye kiwanda cha magari cha Forest, kile ambacho kimefungwa juzi juzi tu. Kule koleji aliwahi kuigiza na wanafunzi wake mchezo mfupi wa kuchekesha kuhusu mkuu fulani mwenye miwani ya jua, na kwa mchezo ule alilala kizuizini, akatoka akiwa amenyolewa na hana kazi. Alinisimulia habari hiyo mara moja tu, bila chumvi, akimenya chungwa. Kwa hiyo sikujua nicheke au niogope siku Papa Gervais alipomwita mbele yetu sote na kumwambia kwamba sikukuu ya chama ya mwaka ule ilihitaji kitu cha utamaduni. "Placide, wee njo uko na akili ya ile mambo. Tufanyie théâtre. Kitu kya kuchekesha, lakini kya kiwango." Tonton Placide akamwuliza kama anaweza kufanya komedi ya Wagiriki wa kale. "Wagiriki? Voilà! Kiwango njo kile!" Tonton Placide, ambaye hakupenda kumvizia mtu, akaongeza: "Mais Président, itakuwa juu yako." Papa Gervais akarekebisha tai yake. "Juu yangu," alisema. "Bon. Ni kawaida."

Tulifanyia mazoezi katika chumba cha chini cha parokia, penye mtambo wa kupasha joto uliokuwa ukikohoa ukutani. Tulikuwa maman wanne wa jiko la chama, wanaume wawili wa kiwandani na mimi. Maman mmoja alileta beignets, yale maandazi yetu, kila mara, nasi tulikaa na vidole vya mafuta tukimsikiliza Tonton Placide akitueleza mji wa Athene kana kwamba ni mtaa wa Kadutu, kule Bukavu, aliouacha jana. Alisema kule, siku ya sikukuu, mji mzima ulikaa kwenye ngazi za mawe kutazama waigizaji waliovaa vinyago na matumbo ya kubandika. Matumbo hayo hayakuwa kitu cha pekee cha kubandika, aliongeza, lakini sisi tuko parokiani. Maman wakaangua kicheko, maana walielewa haraka kuliko mimi. Alisema waliwataja wakubwa kwa majina yao, mchana kweupe, na wakubwa wenyewe wamekaa safu ya mbele. Wakati mwingine mji ulikuwa vitani. "Batoto banakufa, mashamba inaungua," alisema, "na bado banakaa chini pamoja, banacheka bale benye banabapeleka vitani. Muniambie, kwetu nani alishafanya vile na akalala kwake?" Mtambo ukakohoa. Kisha mmoja wa wanaume akauliza kwa nini lazima mtu awepo. Si ingekuwa rahisi kumcheka akiwa hayupo? Tonton Placide akamtazama kwa huruma. "Kama muntu haiko, ile ni kusengenya. Kusengenya tunajua tayari, tuko bingwa. Mie nataka tujifunze kumucheka muntu eko mbele yetu, anatuangalia mu macho."

Mchezo aliutunga mwenyewe, na ulikuwa wa kipuuzi kwa namna iliyonifanya nitoe machozi ya kicheko. Rais wa chama anaamka asubuhi na kiti kimegandamana na makalio yake. Anaenda nacho kanisani, anaenda nacho kwenye métro, analala nacho ubavu. Waganga wanakivuta, hakitoki. Na kwaya, kwa maana Wagiriki hawakuwa na komedi bila kwaya, na mara nyingi kwaya yao ilikuwa ya wanyama, ni kuku wa sikukuu, waliofungwa miguu wakisubiri kuchinjwa. Kuku hao wanamwabudu rais. Wanamwimbia asiinuke, asinyamaze, kwa sababu kadiri hotuba inavyoendelea ndivyo chakula kinavyochelewa, na chakula ni wao. "Endelea, Président, endelea! Na point ya pili je?" Maman walivaa vilemba vya manyoya na kuimba hivyo kwa sauti ya kwaya ya Jumapili. Ikabaki swali la nani amwigize rais. Wanaume wote wawili walikumbuka ghafula kwamba wanaumwa mgongo. Ndipo, kwa utundu tu, nikavuta pumzi ile ya kabla ya neno kubwa, nikasema: "Bon. Bon! Chers frères, chères sœurs, mbele nianze kusema, niseme kwanza." Kisha maman mwenye beignets akajipiga paja. "Yesu wangu! Njo yeye!" Tonton Placide hakucheka. Alinitazama muda mrefu, akaniambia, "Unalala mu nyumba yake, Nabintu. Kama unakataa, hakuna muntu atakuuliza juu ya nini."

Sikukataa, lakini sikulala vizuri pia. Kula ugali wa mtu mchana na kuvaa tumbo lake jioni si jambo dogo, na nilipompa Maman Régine habari, akiosha mchele, aliacha maji yamwagike. "Mutoto wangu," alisema, "kwetu bantu balikufa juu ya muzaha kidogo kushinda ule." Nikamwambia hapa si kwetu. "Hapa si kwetu, lakini bwana yangu ni wa kwetu." Hakunikataza. Alifunga bomba, akaendelea kuchagua mawe kwenye mchele uliouzwa dukani, ambao haukuwa na jiwe hata moja.

Jumapili moja mchana, wiki chache kabla ya sikukuu, nilikuwa chumbani na vitabu vyangu nikamsikia Papa Gervais jikoni. Hakuwa akifanya mazoezi ya hotuba. Sauti ilikuwa ndogo, sauti ambayo sikuwa nayo katika mkusanyo wangu. Alikuwa amekaa na Maman Régine mbele ya mabaki ya chakula. Nilisikia uma ukisukuma mfupa. "Nimechoka, Régine. Kila siku misiba, kila siku bagomvi. Mie mwenyewe nataka kuacha." Maman akamwuliza, basi kwa nini haachi? Uma ukawekwa chini. "Ku bureau banasahau hata jina langu," alisema. "Ule kijana wa mapokezi, kila asubuhi ananiuliza: Monsieur, mumekuja kuona nani? Niko pale miaka yote. Nikitoka mu chama, nitakuwa nani mu hii inchi?" Nilisikia kiti cha Maman Régine kikisogea karibu na cha mumewe. Niliweka kalamu chini. Mpaka siku ile nilikuwa namwiga mtu anayependa madaraka, na kumbe nililala ukuta mmoja na mtu anayeogopa kutojulikana. Leo, mimi niliyewauguza wengi wenye vyeo vyao vya zamani, ninamwona Papa Gervais kila mgonjwa anapoanza kunieleza, kabla hata sijamfunika shuka, kwamba yeye alikuwa mkurugenzi.

Nilimpelekea Tonton Placide habari ya kwamba sitaki tena, bila kumwambia nilichosikia. Yaliyosemwa kwa sauti ile hayakuwa yangu kuyagawa. Nilisema tu kwamba nimeanza kumhurumia. Tulikuwa peke yetu kwenye chumba kile cha chini, kinyago cha karatasi na gundi ya unga kikikauka juu ya bomba la joto kati yetu, mashavu yake makubwa yakimetameta. "Huruma, uache nyumbani," alisema. "Kama unamuhurumia, utamufanya mudogo. Lakini kama unamupenda, mupende kabisa, na tumbo yake, na point yake ya pili. Utaona, batacheka zaidi." Kisha akanipa kazi iliyonitia hofu kuliko zote. Katika komedi za zamani, alieleza, ilifika saa ambapo mchezo ulisimama, na kwaya ikawageukia wananchi ikawaambia la moyoni bila mzaha. Yeye alitaka mimi ndiye niseme, nikiwa nimevua kinyago. Nikamwomba maneno. "Hapana," alisema. "Ile nafasi sikuandika kitu. Mie nilishasema yangu, balininyoa nywele. Sasa ni yako."

Ukumbi ulijaa siku hiyo, mchana wa mvua, makoti yakinuka kama mbwa aliyelowa na jikoni kukinuka makayabu, samaki wa chumvi. Papa Gervais alikaa safu ya mbele katikati, suti ya bluu, Maman Régine kando yake na mkoba umekumbatiwa kifuani. Nilipoingia na kiti kimefungwa nyuma yangu kwa kamba na mto umejaa mbele, nikavuta ile pumzi, nikasema, "Bon. Bon! Mie, Gervais, président wenu," ukumbi haukucheka. Ulishtuka. Niliona vichwa vyote vikimtazama yeye kwanza, kuona kama kuna ruhusa. Yeye hakusogea. Nikaendelea, nikakiambia kiti changu, kwa upole, kama mume anayebembeleza, kwamba tutaachana mwakani, umoja wetu ukiimarika. Mahali fulani nyuma mtu mmoja akashindwa kujizuia, kicheko kikatoka puani, na hapo ukumbi ulipasuka. Maman walipoingia na vilemba vyao vya manyoya wakiimba "Na point ya pili je?", watu walikuwa wakishikana mabega. Nami, ndani ya kinyago, katikati ya jasho na harufu ya gundi, nilitambua kwamba Tonton Placide alisema kweli. Nilikuwa nampenda mtu niliyekuwa nikimcheza. Nilimpa hata ile tabia yake ya mezani, ya kuficha kipande bora cha samaki chini ya ugali ili ampe mkewe baadaye.

Kisha saa ikafika. Kuku wakanyamaza. Nikavua kinyago, na hewa baridi ikanipiga usoni, na nikamwona Papa Gervais bila matundu ya karatasi kati yetu. Uso wake ulikuwa umefungwa kabisa. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri ya Kifaransa, yote yalikimbia. Nikasema nilichoweza. "Papa, tulikucheka juu ya vile uko hapa. Kama tulikuwa tunakuogopa, tungekucheka ku ngazi, kama siku zote." Nikasikia mtu akikohoa kwa aibu. Nikawageukia wengine. "Na nyie, bapapa na bamaman. Nani alishaenda ku gare usiku kupokea mugeni? Nani alishabeba maiti ya muntu hana ndugu? Ni yeye. Munasema anakamata kiti. Lakini kila mwaka munamuambia kaa, Président, kaa, juu akisimama, mumoja wenu atafanya ile kazi. Bale kuku, ni sisi." Hakuna aliyepiga makofi. Nikavaa kinyago tena, Tonton Placide akawasha muziki, rumba, kama ilivyopangwa, maana Papa Gervais wa mchezoni huponywa kwa kucheza: hakuna Mkongomani anayeweza kubaki ameketi gitaa ikianza. Kamba ikafunguka, kiti kikaanguka, kuku wakakimbilia kwa watazamaji. Watu waliinuka kucheza. Papa Gervais wa kweli aliinuka pia, akavaa koti lake, akatoka mlangoni.

Wiki zilizofuata, nyumba ile ilikuwa na ukimya ambao sikuwahi kuusikia. Hakunifukuza. Alisema "bonjour", alisema "chumvi, tafadhali", na simu zake akazipeleka chumbani kwake, mbali na ukuta wangu. Maman Régine alinipakulia chakula kingi kuliko kawaida. Mimi nilikonda. Nilitafuta chumba kingine kule Forest na nikaanza kufungasha. Watu waliosema nimwendee nimwombe radhi walikuwa walewale waliocheka kwa sauti kubwa zaidi, na mmoja alitaka rais aniondoe kwenye chama. Kwenye mkutano mkuu Papa Gervais alimkatiza mtu huyo kwa mkono. "Mukubwa ni jalala," alisema. "Kila muntu anatupa yake. Muache mutoto." Halafu, bila "niseme kwanza", alitangaza siku ya uchaguzi. Ulifanyika kweli, kwa kura za siri, na wagombea wengine wawili. Alishinda. Tonton Placide alipopata matokeo alicheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi. "Kama Athene!" alisema, akifuta macho. "Banamucheka leo, kesho banamupigia kura!" Nilimwuliza kama basi mchezo wetu haukuwa na maana. Akaacha kucheka. "Mbele, balimuacha mu kiti. Sasa balimuchagua. Wee huoni tofauti?" Mimi sikuiona siku ile. Muhula ulipokwisha, Papa Gervais alikabidhi nafasi kwa mwanamke mmoja mwenye sauti ndogo, na hakugombea tena.

Lakini kabla ya hapo, Jumapili ya mwisho niliyokaa kwao, alinigongea mlango baada ya misa na kuniambia nivae viatu vya matope. Tulitembea mpaka kwenye msitu, ule unaoanzia nyuma ya nyumba za Auderghem, tukifuata njia ya kando ya mabwawa. Alitembea mbele, mikono nyuma. Nilingoja karipio, na kwa kweli nililitaka, ili limalizike. Hatimaye akasimama na kuniuliza, akiyatazama maji: "Ile ya samaki. Chini ya bugali. Nani alikuambia?" Nikamwambia hakuna aliyeniambia, niliona. Akatikisa kichwa polepole. "Batoto yangu balikaa na mie miaka yote. Habajue ile." Tukaenda hatua chache. "Nilitoka pale mu salle na hasira," alisema. "Nilifika inje, nikatafuta ile hasira, nikaona iko kitu ingine. Unajua, mie sijawahi kujiona. Muntu anajiona mu kioo, anarekebisha tai, ni basi. Siku ile nilikaa pale, namuangalia ule baba na tumbo yake, na maneno yake mingi, na ile kiti." Akavuta ile pumzi yake. "Nabintu, ule baba nilimupenda."

Bata walikuwa wametuona na walikuja upande wetu kwa haraka, wakidhani tuna mkate. Papa Gervais akainama kuelekea maji, akageuza mifuko yote ya koti lake nje kuwaonyesha kwamba hana kitu, kisha akawaomba msamaha kwa Kifaransa safi, mmoja baada ya mwingine.